Miraba Arobaini na Minane

Ng'ombe wa Gaspari walianza kuanguka walipokuwa wakitoka kwenye lambo. Wa kwanza alikuwa dume mdogo mwenye baka jeupe usoni. Alipiga hatua kama kumi kutoka majini, akatetemeka mapaja, akalala. Gaspari alidhani ni njaa. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umefika katikati na mvua haijanyesha, na karibu kila boma upande ule wa Mtinko lilikuwa na ng'ombe wa kuinuliwa kwa kuvutwa mkia asubuhi. Alikuwa bado anamhangaikia yule wa kwanza wakati wa pili alipoanguka, kisha jike lenye mimba, kisha wengine wawili kwa pamoja. Jua halijafika utosini, watano walikuwa wamekufa.

Chrispin, ofisa mifugo wa kata, alifika kwa pikipiki, akapasua tumbo la mmoja na kutoa donge la majani ambayo hayajasagika. Yalikuwa ya kijani, laini, yenye vinyweleo upande wa chini. Kila mtu aliyesimama pale aliyajua. Ni majani ya mmea mfupi usiofika goti, unaochipua toka ardhini mwishoni mwa kiangazi, kabla ya tone la kwanza la mvua, wakati nyasi zote zimekauka na kuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Kijijini waliuita kijani cha kiangazi, basi. Wazee walikuwa wakisema ni mbaya, lakini miaka ya nyuma ng'ombe hawakuwa na njaa ya kuufuata.

“Wamelishia wapi?” Chrispin aliuliza.

“Ukingoni mwa Akiba,” Gaspari alijibu. “Nje ya boma la miiba. Hawakuingia ndani.”

Watu wakatazamana. Akiba ndiyo malisho ya mwisho ya kijiji, ekari mia tatu zilizofungwa tangu mwezi wa tano ili nyasi zisimame. Ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Ng'ombe zaidi ya mia sita walikuwa wanaingojea.

Mkutano uliitwa siku ya pili yake, Alhamisi, mbele ya ofisi ya kijiji. Gaspari alitaka Akiba ifungwe kabisa. Wengi walimpinga, kwa upole mwanzoni kwa sababu alikuwa na msiba wa mifugo, baadaye bila upole. Aliyewapinga watu wa upande wa Gaspari kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Fabiano Ntandu, mwenye ng'ombe kumi na wanane, mtu mwembamba asiyejua kusema polepole.

“Tukifunga watakufa wote,” alisema. “Tukifungua watakufa wachache. Hesabu gani nyingine mnataka?”

Mtu mmoja akasema amepita Akiba toka langoni mpaka kwenye korongo na ameona vichipukizi vitatu tu. Mwingine akasema yeye amepita ng'ambo ya korongo, kwenye mchanga, ameona mamia. Wakaanza kuitana waongo. Chrispin alisimama kueleza kwamba amepiga simu wilayani, na mtaalamu wa mimea atapatikana baada ya wiki mbili. Hakuna aliyemsikiliza. Wiki mbili ulikuwa muda ambao ng'ombe hawakuwa nao.

Hapo ndipo mke wa Fabiano aliponyoosha mkono.

Dorkas alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa mhudumu wa maabara katika sekondari ya kata kwa mwaka wa kumi na tisa: kuosha vyombo, kufuta vumbi kwenye darubini, kuchemsha majani kabla ya mitihani ya vitendo. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili. Lakini miaka kumi na tisa alisimama mwisho wa chumba wakati walimu wakifundisha, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Kila mwaka kidato cha tatu walitoka na fremu za waya kwenda uwanjani kuhesabu magugu, na fremu hizo alizikunja yeye. Kuna miaka miwili ambayo shule haikuwa na mwalimu wa baiolojia. Miaka hiyo wanafunzi aliwatoa yeye, akawaonyesha yote, na hakuna mahali palipoandikwa.

“Shikamoo mwenyekiti,” alisema. “Shikamooni wazee.”

“Marahaba,” alijibu Zefania, mwenyekiti wa kijiji. “Sema, mama Eliana.”

“Hawa wawili wote wanasema kweli. Kila mmoja amesema alikopita. Hakuna aliyeisema Akiba nzima.”

“Na wewe utaisemaje? Utahesabu ekari mia tatu?”

“Sitahesabu zote. Nitahesabu vipande vichache, ila nisivichague mimi.” Alitazama huku na huku akitafuta namna ya kulieleza. “Mnunuzi wa choroko akija kwako hamwagi gunia zima chini. Anachoma bambo juu, anachoma katikati, anachoma chini, anatazama kilichotoka. Sasa ukimwambia achome pale tu unapotaka wewe, atakubali?”

Kicheko kidogo kikapita. Nyuma mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, “Mwosha chupa leo ametuletea somo.” Dorkas alisikia. Alibaki amesimama.

Zefania alimwangalia Chrispin. Kijana akasema njia hiyo ni ya kweli, hata chuoni waliifanya, ila inataka watu wasioichezea.

“Una Ijumaa na Jumamosi,” Zefania alimwambia Dorkas. “Jumapili baada ya ibada tunakaa hapa. Usituletee labda.”

Nyumbani, walipomaliza kula, Fabiano alisogeza sahani kando.

“Nitakushikia kamba,” alisema. “Lakini tuelewane. Tunatafuta njia ya kuingia.”

“Tunatafuta idadi, baba Eliana.”

“Asubuhi umeniona namwinua yule jike wa baba yangu. Mara mbili. Mara ya tatu hatainuka.”

Dorkas alikuwa amemwona. Alikuwa amemsaidia kumwinua.

Ijumaa asubuhi aliweka ndoo mbili mbele ya ofisi ya kijiji. Akiba ilikuwa karibu mstatili, urefu kilomita moja na mita mia mbili, upana kilomita moja. Ukiigawa kwa miraba ya mita kumi kwa kumi, unapata miraba kumi na mbili elfu. Ndoo ya kwanza ilikuwa na karatasi zenye namba moja hadi mia na ishirini, za urefu. Ya pili ilikuwa na moja hadi mia, za upana. Alimwomba Zefania achote karatasi moja kila ndoo, asome namba zote mbili mbele ya watu, kisha azirudishe na kuchanganya. Alifanya hivyo mara arobaini na nane. Dorkas aliandika kila jozi kwenye daftari.

Gaspari alikuwa ameegemea baiskeli yake. “Kwa nini usianzie walipokula wangu?”

“Nikianzia pale nitasema Akiba yote ni sumu,” Dorkas alimjibu. “Nikianzia langoni nitasema yote ni salama. Acha ndoo iseme.”

Mkutano ulikuwa umemteua Marietha awe shahidi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache, mwenye maksai wawili wa kulimia na mifugo mingine hana. Yeye, Dorkas na Fabiano waliingia Akiba saa mbili asubuhi na kamba ya mita arobaini yenye mafundo manne, vigingi vinne na dumu la maji.

Walianza na upande wa magharibi, ng'ambo ya korongo. Kwenye mraba wa kwanza tu ugomvi ulizuka. Vichipukizi vilitoka ardhini vimesongamana, na Fabiano akasema hicho ni kimoja, Marietha akasema ni sita. Dorkas alivua kandambili akaiweka chini kati ya shina na shina.

“Vikitengana kwa kandambili, ni viwili. Vikigusana humo ndani, ni kimoja. Na kitakachoota chini ya kamba, upande wa jua linakochomoza na upande wa lango tunakihesabu. Pande zile nyingine mbili hatukihesabu. Kanuni hiyo hiyo hadi mraba wa mwisho.”

“Nani kaiweka hiyo kanuni?”

“Mimi. Sasa hivi. Lakini tukiibadilisha njiani, tumepoteza siku.”

Mchanga ulichoma hadi juu ya soli. Walitembea, wakapiga vigingi, wakavuta kamba, wakainama, wakahesabu kwa sauti, Marietha akirudia kila namba kabla Dorkas hajaiandika. Kumi na moja. Sifuri. Saba. Sifuri. Kumi na tisa. Kufikia saa kumi jioni walikuwa wamemaliza miraba yote ishirini na mmoja iliyoangukia magharibi. Kumi na mitatu ilikuwa na mmea ule. Jumla vichipukizi tisini na vinne.

Fabiano alitupa vigingi begani. Uso wake ulikuwa umekunjamana. “Huku hakuingiliki,” alisema.

“Ndiyo,” alisema Dorkas.

“Basi kesho.”

“Kesho tutaona.”

Asubuhi ya Jumamosi yule jike wa baba yake Fabiano hakuinuka.

Fabiano alimwacha chini ya kivuli na mtu wa kumpa maji, akabeba kamba na panga. Upande wa mashariki ulikuwa na miraba ishirini na saba ya kupimwa. Huko ardhi ilikuwa nyekundu, ngumu, nyasi zimesimama hadi magotini, kavu lakini nzito. Mraba wa kwanza ulitoka sifuri. Wa pili sifuri. Wa tano, wa nane, wa kumi na mbili. Kadiri sifuri zilivyoongezeka Dorkas alizidi kuogopa, na hakujua aeleze vipi hofu hiyo kwa mtu aliyekuwa ameanza kupiga mluzi. Fabiano alikuwa akihesabu kichwani. Sifuri kumi na tano. Sifuri kumi na tisa.

Mraba wa ishirini ulikuwa ndani ya kichaka cha miiba.

Walipima hatua mara mbili kuhakikisha. Hapakuwa na kosa. Kichaka kilikuwa kikubwa kama nyumba mbili, miiba yake imepinda kama ndoana, matawi yamefungamana mpaka chini.

“Ruka huu,” Fabiano alisema. “Chota mwingine.”

“Huu umetoka kwenye ndoo.”

“Ndoo haijui kama kuna miiba. Ng'ombe hawaingii humo. Mbele yako sifuri kumi na tisa zimepangana, mama Eliana. Unatafuta nini?”

“Vichaka kama hivi viko vingapi upande huu?”

Vilikuwa vingi, na wote watatu waliviona kutoka pale waliposimama.

“Tukiruka kila palipo na miiba,” alisema Dorkas, “tutakuwa tumepima mahali rahisi tu. Halafu tuseme tumepima Akiba.”

Alijifunga khanga kichwani, akachukua panga na vigingi viwili, akaingia kwa magoti. Marietha alimlegezea kamba kutoka nje. Kwa dakika nyingi walisikia panga na pumzi zake tu. Mwiba ulimchana kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Alipofika katikati alikuta pamekuwa wazi kidogo, kivuli, majani makavu, na kinyesi cha mbuzi cha zamani. Kumbe mbuzi walikuwa wakiingia. Na palipo na njia ya mbuzi, ndama mwenye njaa hupita.

Kando ya kinyesi, kijani kikali kuliko kitu chochote alichokuwa amekiona siku ile, palikuwa na vichipukizi vitatu.

Alikaa kwenye visigino vyake. Aliona wazi kabisa kitakachofuata. Angeweza kutoka nje aseme sifuri. Hakuna ambaye angeingia kuhakiki. Jumatatu lango lingefunguliwa bila maneno, na jike yule pengine angepata nyasi zikiwa zinakatwa na kuletwa mpaka mdomoni. Mkono ulikuwa unamwuma na alitaka kulia, si kwa ajili ya mkono.

“Vipi?” Fabiano aliita.

“Vitatu,” alisema.

Kisha Fabiano akainama kwenye tundu aliloingilia, akasema kwa Kinyaturu, polepole, ili Marietha asione kwamba anaomba mbele ya watu, ingawa Marietha alijua Kinyaturu kama yeye.

“Usiviandike. Ving'oe, toka navyo. Vikishang'olewa havipo tena.”

“Hivi vitatu havitakuwepo. Vya vichaka vingine je?”

“Dorkas.” Alikuwa hamwiti kwa jina tangu mtoto wao Eliana azaliwe.

Alitoka kichakani akiwa na damu mkononi na majani kichwani. Alichukua daftari kwa Marietha. Mstari wa mraba ule ulikuwa bado mtupu. Aliandika tatu. Fabiano alimwangalia akiandika, halafu akageuka akaenda kusimama mbali. Dorkas alidhani ataondoka moja kwa moja. Marietha alivuta kamba, akaikunja, na wanawake wawili wakaanza kupima hatua kuelekea mraba uliofuata.

Baada ya muda Fabiano alirudi, akachukua vigingi. Miraba saba iliyobaki yote ilikuwa sifuri. Yule jike alikuwa amekufa walipofika nyumbani.

Jioni ile Chrispin alikuja na wakafanya hesabu mezani kwa Dorkas. Magharibi ilikuwa miraba elfu tano. Tisini na nne kugawa kwa ishirini na moja, mara elfu tano, inakaribia elfu ishirini na mbili na mia nne. Mashariki ilikuwa miraba elfu saba. Tatu kugawa kwa ishirini na saba, mara elfu saba, inakaribia mia saba na themanini.

“Hiyo ya magharibi ina nguvu,” Chrispin alisema. “Hii ya mashariki imetegemea mraba mmoja, mama. Ungeangukia kichaka kingine, ungepata sifuri au ungepata kumi.”

“Najua. Ndiyo maana naiogopa.”

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko Alhamisi. Dorkas alisimama na daftari. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. Alisema ya magharibi kwanza, elfu ishirini na mbili, na hakuna aliyebisha. Kisha akasema ya mashariki.

“Nakadiria mia saba na kitu. Lakini inawezekana ni mia mbili, na inawezekana ni elfu mbili. Sina uhakika wa kuwapa zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba kwenye nyasi za wazi sikukuta hata kimoja, na kichakani nilikuta. Siwezi kusema hakuna.”

“Nilikwambia usituletee labda,” Zefania alisema.

“Nimeileta kwa sababu ndiyo niliyoikuta, mwenyekiti.”

Kelele zilipanda. Mtu mmoja, yule yule wa nyuma, akasema miraba ishirini na sita ni safi, kwa nini mmoja wa porini uharibu kazi, na nani anajua kama vichipukizi hivyo vilikuwepo kweli. Nani aliviona? Mwosha chupa peke yake.

Fabiano alisimama. Dorkas aliangalia chini. Kama angekana, kazi yote ya siku mbili ilikuwa imeisha.

“Mimi nilikuwepo,” Fabiano alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kubwa. “Nilimwambia auruke. Akaingia. Nilimwambia asiandike. Akaandika. Baada ya pale niliingia mwenyewe nikatazama. Viko vitatu.”

Aliketi. Dorkas hakujua kwamba mumewe aliingia kichakani. Alikumbuka alivyokwenda kusimama mbali, na kwamba yeye wakati huo alikuwa amempa mgongo, akipima mraba uliofuata na Marietha.

Zefania alisubiri kimya kirudi. “Mama Eliana, acha hesabu. Ng'ombe wako ungewaingiza?”

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Ng'ombe kumi na saba sasa, si kumi na wanane.

“Mashariki ningewaingiza,” alisema. “Vichaka vikizungushiwa matawi ya miiba kwanza, vyote, hata vidogo. Na magharibi hata mguu mmoja usivuke korongo.”

Chrispin akaongeza lake: ng'ombe aliyekula mmea ule hufa upesi akikimbizwa au akinyweshwa, kwa hiyo siku za mwanzo wapumzishwe kivulini baada ya kulisha, na maji wapewe kesho yake asubuhi. Wengine walinung'unika kwamba ng'ombe aliyekaa mwezi bila nyasi hawezi kukaa bila maji tena. Walipiga kura ya mikono. Gaspari alinyoosha mkono wa kufungua. Waliokubali walikuwa wengi.

Jumatatu kijiji kizima kilikata miiba. Jumanne lango lilifunguliwa. Jumatano asubuhi, saa moja na nusu, kundi la kwanza lilishushwa kwenye lambo, lambo lile lile walipofia watano.

Ng'ombe walikunywa kwa muda mrefu, masikio yamelala nyuma, matumbo yakipanda na kushuka. Dorkas alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Alisimama ukingoni akitazama mapaja tu. Kundi lilipoanza kutoka majini alihesabu hatua za yule wa mbele. Kumi. Ishirini. Jike jekundu lilijikwaa kwenye jiwe na mwanamke mmoja akashika mdomo. Jike likasimama sawa, likaendelea. Kundi la pili likashuka, la tatu. Kufikia saa nne wote walikuwa wamekunywa na wote walikuwa wamesimama. Fabiano alikuja akasimama karibu na mkewe, akamgusa kitambaa cha mkono.

“Bado kinauma?”

“Kidogo.”

Siku nane zilipita hivyo. Siku ya tisa mtu alileta habari shuleni kwamba maksai mmoja wa Marietha ameanguka Akiba.

Dorkas alikwenda moja kwa moja toka maabara, mikono bado inanuka sabuni. Maksai alikuwa amelala kwenye nyasi za wazi, mita chache tu nje ya kichaka kilichozibwa vizuri. Hapo hapo, katikati ya nyasi, palikuwa na visiki viwili vya kijani vilivyotafunwa. Nyasi za wazi, ambako Dorkas alikuwa amesema hakukuta hata kimoja. Marietha alikuwa ameketi karibu na kichwa cha mnyama, miguu ameinyoosha mbele.

“Pole, dada,” Dorkas alisema.

“Keti.”

Aliketi.

“Huu mraba hatukuupima,” Marietha alisema.

“Hapana. Uko mbali na tuliyopima.”

“Nakumbuka. Kamba nilishika mimi.” Alimfukuza nzi kwenye jicho la maksai. “Wewe ulisema huwezi kusema hakuna. Nilikusikia vizuri. Nikakaa usiku nikafikiria, nikaona njaa itawaua wawili na Akiba labda itaua mmoja. Nikawapeleka mwenyewe. Usije ukanichukulia hilo likawa lako.”

“Nilisema nilivikuta kichakani tu.”

“Ulisema ulichokiona.”

Dorkas alitaka kumwambia kwamba angepima miraba mia moja, pengine hapa pangeangukiwa, na kwamba hata mia moja pengine pasingeangukiwa. Alitoa daftari kwenye mfuko, akapima kwa hatua kutoka kwenye kichaka hadi pale, akaandika mahali na tarehe. Kisha alichimba vile visiki viwili kwa jembe la kuazima, akifuata mzizi chini mpaka kina cha goti, na mzizi ulikuwa bado unaendelea. Jioni Zefania aliwataka wachungaji wote watembee mstari mmoja, mtu na mtu hatua nne, kutoka pale hadi korongoni. Walikuta vingine vitano.

Mvua ilinyesha siku ya kumi na mbili. Ilianza saa tisa mchana na haikukatika hadi giza. Ndani ya wiki moja nyasi mpya zilifunika kila kitu, na ng'ombe walikiacha kijani cha kiangazi kama miaka yote. Katika Akiba walikufa watatu: maksai wa Marietha, na ng'ombe wawili wa mtu aliyevusha kundi lake korongo alfajiri moja akidhani haonekani. Njaa yenyewe ilichukua arobaini na mmoja kwenye maboma mbalimbali, wengi wao kabla ya lango kufunguliwa.

Wakati wa kulima ulipofika Fabiano alimpeleka dume wake mmoja kwa Marietha, akafungwe nira na maksai aliyebaki. Hawakuendana. Dume lilikuwa refu na lenye haraka, maksai mzee alizoea mwendo wake, na mtaro wa kwanza ulikwenda upande kama mto. Dorkas alikuwa ameshika kamba mbele. Marietha alisimamisha plau, akautazama mtaro, akasema wageuze waanze tena.

Wakageuza.